Maisha ya Mashine Yenye Viungo Vingi

Mara nyingi twasikia mtu akisifu motokari au kinu cha kusaga: "Mashine hii ni nzima, kila chuma chake ni kizuri." Neno hilo laweza kuwa la kweli, lakini halitoshi. Mashine yaweza kuwa na vyuma mia, vyote vizuri, na bado ikafa njiani. Na mashine nyingine yenye vyuma hafifu yaweza kufanya kazi miaka mingi. Sababu yake ni nini? Swali hilo limewasumbua wataalamu wa Ulaya na Marekani kwa muda mrefu, na majibu yake yalipatikana kwa gharama ya roho za watu. Leo twataka kueleza historia ya elimu hiyo, kwa kuwa ndani yake mna fundisho linalotuhusu hata sisi tusio mafundi.

Ekseli iliyovunjika

Tarehe 8 Mei 1842, siku ya Jumapili, watu wengi wa Paris walikwenda Versailles kutazama sherehe za kumheshimu mfalme Louis-Philippe. Jioni wakapanda gari la moshi kurudi mjini. Karibu na mji mdogo wa Meudon, ekseli ya mashine ya mbele, yaani chuma kile kinachounganisha magurudumu mawili, ilivunjika. Mashine ikaanguka, ile ya pili ikaigonga, mabehewa yakapandana, moto ukawaka. Milango ilikuwa imefungwa kwa nje, kama ilivyokuwa desturi siku zile, hata waliokuwa ndani hawakuweza kutoka. Walikufa watu zaidi ya 50. Miongoni mwao alikuwa Jules Dumont d'Urville, mkuu wa majini aliyekwisha kufika kwenye barafu za ncha ya kusini ya dunia na kurudi salama. Alikufa pamoja na mkewe na mtoto wao.

Kiungo kimoja kilivunjika, na mamia ya viungo vingine vilivyokuwa vizima havikusaidia kitu. Tena, ekseli ile haikuvunjika kwa kubebeshwa mzigo mpya. Ilikuwa imebeba mzigo uleule siku nyingi. Ndipo wataalamu wakaanza kuuliza kama chuma nacho huchoka. Katika Ujerumani, August Wöhler, fundi mkuu wa gari la moshi, alizungusha ekseli maelfu na maelfu ya mara chini ya mzigo ili kuona zitavunjika lini. Katika miaka ya 1858 hadi 1870 alionyesha wazi kwamba chuma huweza kuvunjika kwa mzigo mdogo ukirudiwa mara nyingi. Tangu hapo mafundi walijua kwamba hawana budi kuuliza mambo mawili: chuma hiki chaweza kubeba nini, na chaweza kubeba kwa muda gani.

Mnyororo mrefu

Mtu wa pili wa kukumbukwa ni Waloddi Weibull, mtaalamu wa Uswidi. Mwaka 1939 aliandika juu ya nguvu za vitu kwa kutumia mfano wa mnyororo. Mnyororo hukatika pale penye pete iliyo dhaifu. Basi, kadiri mnyororo unavyorefuka, ndivyo inavyozidi nafasi ya kuwamo pete moja mbovu. Kwa hiyo mnyororo mrefu hukatika upesi kuliko mfupi, ingawa zote mbili zimetoka kwa mhunzi mmoja. Mwaka 1951 Weibull aliandika tena na kuijaribu kanuni yake kwa vitu vingi: kwa chuma cha pua, kwa nyuzi za pamba, hata kwa upana wa punje za maharage. Kanuni hiyo yatumika hata leo popote watu wanapotaka kukadiria maisha ya vyuma.

Wakati wa vita vya pili vya dunia Wajerumani walitengeneza bomu lililoruka lenyewe bila rubani, lililoitwa V-1. Tangu tarehe 13 Juni 1944 mabomu hayo yalianguka London, na baadaye yaliangukia pia Antwerpen, bandari ya Ubelgiji ambamo meli za Kongo zilikuwa zikitia nanga. Hatusifu silaha iliyoua watoto na wazee. Lakini mmoja wa waliotengeneza bomu hilo, Robert Lusser, aliendelea na kazi ya roketi huko Marekani baada ya vita, na alieneza hesabu ambayo kila mtu apaswa kuijua.

Watu walizoea kusema kwamba mnyororo una nguvu sawa na pete yake iliyo dhaifu kuliko zote. Lusser alisema: ikiwa twapima uaminifu wa mashine, yaani nafasi yake ya kufanya kazi bila kukwama, basi mashine nzima ni dhaifu hata kuliko kiungo chake kilicho dhaifu kuliko vyote. Tuione kwa hesabu. Chukua kiungo kinachofanya kazi vema mara 99 katika mara 100. Ni kizuri, nani atakikataa? Sasa tengeneza mashine yenye viungo 10 vya namna hiyo, ambayo husimama kimoja kikifa. Mashine hiyo itafanya kazi karibu mara 90 katika 100. Ikiwa na viungo 100, itafanya kazi kama mara 37 tu. Ikiwa na viungo 400, ni mara 2 tu katika 100. Hakuna kiungo kilichoharibika zaidi kuliko mwanzo. Wingi tu ndio uliowaangusha wote.

Lusser aliiamini hesabu yake mno, hata aliona kwamba chombo cha kwenda mwezini, chenye viungo vingi kupita kiasi, hakitaweza kutegemewa kufika. Alifariki mwaka 1969, mwaka uleule watu walipotua mwezini. Hesabu yake ilikuwa sahihi kwa mashine iliyopangwa kama mnyororo. Lakini je, kila mashine lazima ipangwe hivyo?

Vichupa vya kioo

Kabla ya kujibu, tuone jinsi shida ilivyozidi. Mashine za umeme za wakati ule, kama redio na rada, zilifanya kazi kwa lampu, yaani vichupa vya kioo vyenye nyuzi za moto ndani. Mwaka 1946, katika Philadelphia, Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilionyesha mashine kubwa ya kufanya hesabu iliyoitwa ENIAC. Ilikuwa na lampu karibu 18,000. Wengi walidhani haitafanya kazi hata saa moja. Lakini mkuu wa mafundi, J. Presper Eckert, alizitumia lampu zile kwa umeme mdogo kuliko ule zilioweza kubeba, ili zisichoke. Tena waliona kwamba lampu nyingi hufa wakati wa kuwashwa na kuzimwa, basi wakaiacha mashine ikiwaka usiku na mchana. Hivyo lampu moja iliungua kwa siku mbili hivi, na muda mrefu kuliko wote mashine ile iliofanya kazi bila kukwama ni saa 116, katika mwaka 1954.

Jeshi la Marekani nalo lilichoka kubeba mitambo iliyokufa kabla ya kutumika. Mwaka 1952 serikali ikaunda kamati ya wataalamu juu ya uaminifu wa vyombo vya umeme, iliyojulikana kwa jina la AGREE. Taarifa yake ya mwaka 1957 ilidai neno moja kubwa: uaminifu wa mashine usiachwe kuwa tumaini tu la mwuzaji, bali uandikwe kwa tarakimu na ujaribiwe kabla ya kununuliwa. Hapo elimu hii ilipata jina lake na mahali pake kati ya elimu nyingine.

Kutoka viungo dhaifu, mwili wenye nguvu

Sasa twafika kwenye jibu. Mtu aliyelifungua zaidi alikuwa John von Neumann, mwanahisabati aliyezaliwa Budapest mwaka 1903. Mwezi wa Januari 1952, huko California, alitoa mafundisho ambayo yalichapishwa mwaka 1956. Aliutazama ubongo wa binadamu. Chembe zake ni laini, nyingine hufa, nyingine hukosea. Na hata hivyo mtu huendelea kufikiri miaka sabini au themanini. Kwa hiyo, alisema, kosa lisichukuliwe kuwa ajali ya aibu itokayo nje. Lihesabiwe tangu mwanzo kuwa sehemu ya maisha ya mashine, na mashine ipangwe kwa namna ya kulishinda.

Namna yenyewe ni hii: badala ya kumwuliza shahidi mmoja, uliza watatu, ufuate neno la walio wengi. Chukua viungo vitatu, kila kimoja husema kweli mara 90 katika 100. Ukifuata kauli ya wawili au zaidi, utapata kweli karibu mara 97 katika 100. Mwaka 1956 Edward Moore na Claude Shannon walionyesha jambo linalofanana na hilo kwa swichi za umeme: hata swichi mbovu zaweza kupangwa zikafanya mtambo unaotegemeka sana, mradi swichi hizo ziwe na wema kidogo, na mradi ziwe nyingi za kutosha.

Inafaa tukumbuke mwisho wa von Neumann. Alikuwa amebatizwa mwaka 1930, lakini hakuishika dini kwa miaka mingi. Alipougua kansa, akiwa hospitalini Washington, alimwita padri Mbenedikto, Anselm Strittmatter, akapokea sakramenti. Alifariki tarehe 8 Februari 1957. Yeye aliyeandika juu ya viungo vinavyochoka alichoka naye, kama tutakavyochoka sisi sote.

Viungo vikiwa vibovu

Lakini tusikimbilie kusema kwamba wengi daima ni bora kuliko mmoja. Rudi kwa mashahidi watatu. Ikiwa kila mmoja wao husema kweli mara 40 tu katika 100, kauli ya walio wengi itakuwa kweli kama mara 35 tu. Yaani wamekuwa wabaya zaidi kwa kukusanyika!

Jambo hilo lilielezwa kwa ukamilifu mwaka 1961 na wataalamu watatu: Z. W. Birnbaum, J. D. Esary na S. C. Saunders. Birnbaum alizaliwa Lwów mwaka 1903, akahamia Marekani mwaka 1937, akawa mwalimu wa chuo kikuu huko Seattle, mji wenye kiwanda kikubwa cha ndege cha Boeing. Watatu hao waliandika juu ya kila mtambo wenye viungo vingi, uwe wa namna yoyote, wakiweka sharti moja tu la akili: kutengeneza kiungo kilichoharibika kusiufanye mtambo kuwa mbaya zaidi. Wakauchunguza mtambo usio na kiungo kimoja kinachoweza kuuangusha peke yake, wala kiungo kimoja kinachoweza kuushika peke yake. Wakaona kwamba una mpaka wake. Viungo vikiwa bora kuliko mpaka huo, mtambo huwa mwema kuliko viungo vyake. Vikiwa chini ya mpaka, mtambo huwa mbaya kuliko viungo vyake. Kwa hiyo mpangilio mzuri huongeza wema uliopo, lakini hauwezi kuuumba pale usipokuwapo.

Mwaka 1966 Birnbaum, Esary na Albert Marshall walithibitisha neno jingine, la kutunyenyekeza: ikiwa kila kiungo huzidi kuchakaa kadiri ya umri wake, mtambo mzima nao huchakaa, hata ukiupanga kwa ustadi gani. Maisha yake yaweza kurefushwa, lakini mashine isiyozeeka haipo. Na mwaka 1969 Birnbaum alionyesha jinsi ya kupima ukubwa wa kazi ya kila kiungo: hesabu mtambo utategemeka kiasi gani kiungo hicho kikiwa kizima, kisha kikiwa kimekufa, na tofauti yake ndiyo cheo chake. Mara nyingi chenye cheo kikubwa si kile cha bei kubwa. Tazama baiskeli. Kengele yake hung'aa, na mnyororo wake una matope. Lakini kengele ikifa utafika sokoni, na mnyororo ukikatika utatembea kwa miguu.

Pigo moja kwa wote

Lilibaki neno moja, nalo ndilo la hatari kuliko yote. Hesabu za akiba hudhani kwamba kila kiungo hufa kwa sababu yake mwenyewe. Baiskeli ina breki mbili. Ni ajabu zote mbili kukatika siku moja. Lakini tukiweka kanisani taa mbili, zote zikajazwa mafuta kutoka dumu moja, na dumu hilo limeingia maji? Zote zitazimika usiku uleule. Twadhani tuna taa mbili, kumbe tuna dumu moja. Mwaka 1967 Albert Marshall na Ingram Olkin waliandika hesabu ya mapigo ya namna hiyo: yako mapigo yanayompata mmoja peke yake, na yako mapigo yanayowapata wawili kwa mara moja. Nafasi ya pigo la pamoja ikiwa kubwa, kiungo cha akiba husaidia kidogo sana.

Miaka mitatu baadaye dunia nzima iliona jambo hilo. Tarehe 11 Aprili 1970 watu watatu, James Lovell, Jack Swigert na Fred Haise, walirushwa kwenda mwezini katika chombo Apollo 13. Walikuwa na matungi mawili ya oksijeni na mitambo mitatu ya kutoa umeme. Ndani ya tungi la pili mlikuwa na swichi ndogo za kuzuia joto, zilizotengenezwa kwa umeme wa volti 28. Kabla ya safari, wakati wa majaribio, zilipitishiwa volti 65, zikashikana na kushindwa kukata umeme. Joto likaunguza ngozi ya nyaya ndani ya tungi, bila mtu kujua. Tarehe 13 Aprili, mbali sana na dunia, tungi lile likapasuka. Matungi yote mawili yalikuwa yamewekwa jirani katika sehemu moja ya chombo, na kishindo kilekile kikaharibu njia za tungi la kwanza, hata oksijeni yake ikavuja. Mitambo ya umeme, ambayo yote mitatu ilikula oksijeni ileile, ikafa.

Kilichowaokoa ni kitu kingine kabisa: chombo kidogo cha kutua mwezini, kilichofungwa mbele yao, chenye oksijeni yake, betri zake na mota yake, kisichonywa katika matungi yaliyopasuka. Wakaingia humo, wakakaa katika baridi na kiu, na tarehe 17 Aprili wakatua baharini wakiwa hai.

Tarehe 11 Machi 2011 fundisho hilo lilirudiwa katika Japani, kwenye kiwanda cha umeme wa nyuklia cha Fukushima. Kulikuwa na mashine nyingi za dizeli za akiba, lakini bahari iliyoinuka baada ya tetemeko iliingia katika vyumba na mitambo ya kupitishia umeme. Ni mashine moja tu ya akiba iliyoendelea kutoa umeme, na hiyo ilikuwa ikipozwa kwa hewa wala si kwa maji. Sehemu mbili za kiwanda zilizoutumia umeme wake ziliokoka.

Neno linalotuhusu

Mtume Paulo aliwafundisha Wakorinto juu ya mwili mmoja wenye viungo vingi, na kwamba hata kiungo kinachodharauliwa kina kazi yake. Wataalamu tuliowataja hawakuwa wakifafanua maandiko hayo. Walikuwa wakihesabu ekseli, lampu na swichi. Hata hivyo walifika karibu na mlango uleule.

Basi, tuitazame parokia yetu kwa macho ya hesabu hiyo. Je, tumeipanga kama mnyororo, hata mtu mmoja akiugua kazi yote yasimama? Ikiwa ufunguo wa ghala la chakula cha maskini uko kwa mmoja tu, akisafiri, maskini watalala njaa. Ikiwa daftari la wabatizwa laandikwa na mmoja tu, na hakumfundisha mwingine, akifa tutamzika pamoja na maarifa yake. Huo si uaminifu, ingawa mtu mwenyewe ni mwaminifu sana.

Lakini tukiongeza watu, tuulize tena: je, hao wa akiba hunywa katika tungi moja? Walinzi wawili wa sanduku la sadaka walio wa nyumba moja, wanaomwogopa mzee mmoja, ni kama mlinzi mmoja. Habari iliyoletwa na mashahidi watatu waliosikia kutoka kinywa kimoja ni habari ya shahidi mmoja. Katika nchi yetu watu wamefukuzwa makwao, hata wameuawa, kwa uvumi uliosemwa na wengi lakini ulioanzishwa na mtu mmoja. Wingi wa midomo si wingi wa macho.

Na mwisho, tusisahau mashahidi wale wasemao kweli mara 40 tu katika 100. Kamati kubwa ya watu wasiojali haitapona kwa kuongezewa wengine wasiojali. Kwanza kila mmoja awe mwema hata kidogo, apite ule mpaka. Ndipo mpangilio mzuri utauzidisha wema wake. Kuuvuka mpaka huo ni kazi ya kila mtu katika dhamiri yake, na hakuna kamati itakayoifanya badala yake.